Rula ya mbao

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako kuhusu kazi unayoanza Jumatatu kwenye duka la vitambaa Kariakoo nimeisoma mara tatu. Umeuliza: "Mama, Jumatatu mteja akiniuliza kitu nisichokijua, na bosi yupo pale, nifanyeje?" Sikutaka kukujibu haraka haraka kwenye simu huku nauza nyanya gengeni, ndiyo maana nakuandikia.

Nilikuwa na miaka 18 kama wewe nilipoanza kuuza kwenye duka la vitambaa hapa Morogoro. Siku ya kwanza alikuja mama mmoja, akataka yadi sita za kitambaa cha mapazia. Kaunta ilikuwa na rula ndefu ya mbao, ya mita moja. Nikadhani yadi na mita ni kitu kimoja. Moyo uliniambia niulize, lakini dada tuliyekuwa naye alikuwa na wateja wake, nikaona haya. Nikapima rula sita, nikakata. Yadi sita ni kama mita tano na nusu tu, kwa hiyo yule mama aliondoka na nusu mita ya bure, na waliomfuata vilevile. Siku ya nne jora likaisha kabla ya hesabu. Mwisho wa mwezi nilipokea mshahara nusu. Kilichoniliza hasa ni maneno ya yule dada: "Mbona hukuniuliza? Ningekwambia siku ileile."

Basi mteja akikuuliza usichokijua, mwambie: "Samahani mama, mimi mgeni hapa, naomba nimuulize mwenzangu." Hata bosi akiwa amesimama mgongoni kwako. Mteja hatachukia kusubiri dakika moja. Atachukia akifika kwa fundi akaambiwa kitambaa hakitoshi. Na uliza wiki hii ya kwanza, mwanangu, maana sasa kila mtu anategemea uulize. Uliza bei ya mwisho ya kila jora ni ipi, ili usipunguze kupita kiasi. Uliza mashine ya risiti inavyotumika. Mteja akilipa kwa simu, usimkabidhi mzigo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu yake. Subiri iingie kwenye simu ya duka. Pesa ya chenji ukikabidhiwa asubuhi, ihesabu mbele ya aliyekupa.

Kuna jambo la kumwuliza bosi mwenyewe, kwa adabu, mkiwa wawili: saa za kazi, mshahara na siku ya malipo, na akuandikie. Usione ni ujuaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kupewa masharti ya kazi yake kwa maandishi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na kuna saa moja ya mapumziko. Akitaka kukukata mshahara kufidia hasara, lazima aieleze kwa maandishi na akupe nafasi ya kujitetea. Mimi wakati ule sikujua lolote, nilikatwa nikanyamaza. Wewe ujue.

Mengine ni madogo. Vaa viatu vya chini, utasimama kutwa. Beba kopi ya kitambulisho cha NIDA, na chakula cha mchana, mpaka ujue mama ntilie wa karibu anauzaje. Jumamosi mwombe shangazi yako akusindikize mpaka Msimbazi, mlitafute duka, ili Jumatatu usihangaike. Foleni ya mwendokasi pale Kimara unaijua. Saa 12 asubuhi uwe umeshafika kituoni. Wasalimie wote ukiingia, na wabeba mizigo pia. Hao wanaijua Kariakoo kuliko wenye maduka.

Matokeo ya kidato cha sita yatatoka yakitoka, usiyawaze ukiwa kaunta.

Jumatatu jioni nitafunga genge mapema. Ukishafika kwa shangazi nipigie, uniambie umeuliza nini na nani alikujibu.

Mama yako