OPG pekee haitoshi kabla ya kupandikiza jino

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kuna haja ya kulipia picha ya CBCT (eksirei ya pande tatu ya taya) kabla ya kupandikiziwa jino, ilhali tayari unayo OPG (eksirei bapa inayoonyesha mataya yote mawili) na umeambiwa kwamba mfupa wako ni mzuri. Mimi nimepandikiziwa gego la taya la chini hapa Dar es Salaam, na ushauri wangu ni kwamba ulipie.

OPG huchukua taya lililojipinda na lenye unene, ikalilaza kwenye picha moja bapa. Kimo cha mfupa utakiona, ingawa kimekuzwa, tena kwa kiwango kisicholingana kila mahali. Upana wake, yaani kutoka upande wa shavu hadi upande wa ulimi, huuoni hata kidogo, na upana ndio unaopotea zaidi jino likishang'olewa, hasa katika mwaka wa kwanza. Pengo langu lilikuwa la miaka mingi. Kwenye OPG mfupa ulionekana umejaa, lakini daktari alipofungua CBCT kwenye kompyuta na kupitia kipande kimoja baada ya kingine, tuliona kwamba sehemu ya juu imechongoka kama makali ya kisu, kiasi kwamba skrubu ya titani ya kushikilia jino jipya, yenye kipenyo cha milimita 4, isingepata mfupa wa kuizunguka pande zote. Mpango ulibadilika hapo hapo: niliongezewa mfupa kwanza, nikasubiri ushike, ndipo skrubu ikawekwa. Bila picha ile, hayo yangegunduliwa ufizi ukiwa umeshapasuliwa.

Kwa taya la chini kuna pia suala la neva, ambalo binafsi ndilo lililonitia hofu zaidi. Ndani ya mfupa hupita mfereji wenye neva inayotupa hisia za mdomo wa chini na kidevu, na ikijeruhiwa na keekee, ganzi inaweza kudumu kwa miezi au isiondoke kabisa. Kwa kawaida madaktari huacha angalau milimita 2 kati ya ncha ya skrubu na mfereji huo, nafasi ambayo ni ndogo mno kukadiriwa kwenye picha iliyokuzwa. Katika taya la juu, kinachopimwa ni umbali hadi kwenye sinasi, ule uwazi wa hewa ulio juu ya magego.

Ni kweli kwamba CBCT ina mionzi mingi kuliko OPG, ingawa kwa kawaida ni michache kuliko ya CT ya hospitali. Omba ipigwe sehemu inayohitajika tu, na kama kuna uwezekano wa ujauzito, sema mapema.

Usikubali kupewa karatasi peke yake. Dai faili la DICOM, yaani picha yenyewe ya kidijitali, kwenye CD au flashi, kwa kuwa ndilo linaloweza kupimwa. Daktari makini huanza kwa kupanga mahali jino jipya litakapokaa ili kung'ata vizuri, kisha hushuka kwenye mfupa kutafuta njia ya skrubu. Wengine huchapisha kiolezo cha plastiki cha kuongoza keekee, ambacho husaidia sana, lakini hata nacho skrubu inaweza kupotoka kwa milimita moja au zaidi, na ndiyo maana ile nafasi ya usalama haipunguzwi.

Kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji, mwombe daktari akupimie kwenye kompyuta, ukiwa unaona, upana wa mfupa penye pengo na umbali hadi kwenye mfereji. Akikutajia vipimo kutoka kwenye OPG pekee, tafuta maoni ya daktari mwingine.