Mbwa wangu ana kilo 3: nimkatie mlango wake jikoni?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina mbwa mdogo aina ya Maltese, ana mwaka mmoja na kilo 3 na kidogo. Mimi na mzee tunatoka asubuhi, na dada wa kazi alirudi kwao, kwa hiyo mbwa anashinda ndani peke yake na nikirudi nakuta kajisaidia sebuleni. Fundi wa kuchomelea anasema anaweza kukata tundu chini ya mlango wa jikoni, ule wa chuma, aweke na raba ya kusukuma ili mbwa atoke na kuingia mwenyewe. Mama mkwe amekataa katakata, anasema nikishatoboa mlango nyoka watahamia ndani. Uwanja una ukuta na geti. Tuna pia mbwa mkubwa wa ulinzi, mchana yuko bandani, usiku anaachiwa. Je, ni salama? Fundi anakuja Jumamosi.
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fundi aje, ila barua yako ina maneno yaliyonishtua kuliko nyoka wa mama mkwe: usiku anaachiwa.

Hao wawili wamewahi kukutana bila wewe kuwepo? Mbwa wa ulinzi akiona kitu cheupe kinachomoka mlangoni saa nane za usiku, hasubiri kukitambua. Anakikamata mgongoni na kukitikisa. Wagonjwa wa namna hiyo huletwa alfajiri, na mwenye mbwa huniambia, "Daktari, ni vitobo viwili tu, mpake dawa." Nikinyoa manyoya navikuta kweli viwili, kama vya msumari. Nikifungua, ngozi imeachana na nyama kuanzia begani hadi kiunoni, na wakati mwingine mbavu zimevunjika na pafu limetoboka. Kwa mwili wa kilo 3 hapo ni kufa au kupona.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza raba, mwambie fundi atengeneze kifuniko cha bati nene kinachoshuka kwenye reli mbili, chenye komeo upande wa ndani. Jioni kifuniko kishuke kwanza, ndipo mkubwa afunguliwe. Asubuhi mkubwa arudi bandani, ndipo kifuniko kiinuliwe. Mzee naye aelezwe hivyo hivyo, maana najua nani hutumwa nje kufungua banda.

Sasa tundu lenyewe. Mafundi wetu hukata kwa macho, na macho yao yamezoea mbwa wa getini. Mpime wewe, mbwa akiwa amesimama. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya bega, kisha upana wa kifua, kisha nafasi kati ya tumbo na sakafu. Ukingo wa juu wa tundu upite bega kwa sentimita 5, upana uzidi kifua kwa sentimita 5, na ukingo wa chini usifikie tumbo. Tuseme bega ni sentimita 22, kifua 12, tumbo liko 10 juu ya sakafu: tundu lianze sentimita 7 kutoka chini, liishie 27, upana 17. Manyoya ya Maltese hudanganya, yabonyeze kwanza ndipo upime.

Chuma kilichokatwa huacha makali kama wembe. Fundi apige tupa pande zote, halafu avishe ule mpira unaozunguka milango ya gari. Usimlipe mpaka umepitisha kiganja chako mwenyewe kuzunguka tundu lote.

Watu wengi huangalia ndani wakasahau nje. Milango mingi ya jikoni ina ngazi upande wa uwani, na mbwa wako akitoka atakuwa anaruka chini kila mara. Maltese ni miongoni mwa aina ambazo kile kifupa cha mbele ya goti, yaani pia ya goti, huchomoka kirahisi. Mjengee kijukwaa cha zege au mbao sawa na sakafu ya ndani, kisha mteremko mpole usioteleza mvua ikinyesha. Hili nalisisitiza kwa wenye mbwa wafupi wenye mgongo mrefu pia, wale Dachshund, maana wao huumia uti wa mgongo.

Hiyo raba ndiyo siipendi. Mafundi hutumia tyubu ya lori, nayo ni nzito na haionyeshi ng'ambo. Tafuta plastiki laini inayoonyesha ng'ambo, kama ile inayoning'inia kwenye milango ya mabucha. Isukume kwa kidole kidogo. Kama kidole kinajikunja, pua ya mbwa wako haitaweza. Ukinunua mlango wa dukani wenye sumaku, fanya jaribio hilo hilo, na usichukue saizi kubwa kwa kudhani ataukulia. Ana mwaka, amemaliza kukua. Akiwa anapita peke yake, mvue mkanda wa shingoni wenye kengele na vidude vinavyoning'inia, visije vikanasa.

Mama mkwe ana hoja, ila swila haalikwi na tundu. Anafuata panya, na panya anafuata chakula cha mbwa kilichoachwa kwenye bakuli kutwa nzima. Ondoa bakuli, fyeka nyasi karibu na ukuta, na uangalie kama chini ya mlango huo wa chuma hakuna uwazi wa vidole viwili ambao nyoka angeutumia tangu zamani. Mwizi mtu mzima hapiti kwenye sentimita 17, lakini mkono wake unapita, kwa hiyo komeo la chini na funguo visiwe karibu. Na kama kuna mtoto anayetambaa nyumbani, hata wa kuja wikendi, kifuniko kishuke. Mtoto hufuata mbwa, na uwani kuna ndoo za maji.

Kumfundisha si kazi. Inua plastiki juu uifunge kwa kamba, kaa upande wa pili na kipande cha nyama, umwite. Akizoea, ishushe nusu, kisha yote. Usimsukume kwa nyuma hata siku moja. Ataliogopa tundu na utarudi kufuta sebule.

Kadi yake ya chanjo hukuitaja. Kama ya kichaa cha mbwa imepita mwaka, mlete kabla ya Jumamosi, na yule mkubwa pia.