Swali la Lugha: Kipi Kinakibana Kingine, Prizimu au Springi?

SWALI: Mwalimu, sisi ni kikundi cha mafundi hapa Kondele, Kisumu. Tumetengeneza projekta ya shule ambayo prizimu yake imewekwa kwa namna ya kuhimili joto, kisha tukawasilisha ombi la hakimiliki Nairobi. Mtahini ameturudishia ripoti. Anasema kwamba dai letu la kwanza haliko wazi, na kwamba springi ya kubana prizimu imo tayari katika “sanaa ya awali”, yaani vitu vilivyokwisha kujulikana. Ombi lenyewe liko kwa Kiingereza, lakini wenzangu wanaomudu Kiswahili zaidi wanataka kulielewa dai hilo kabla hatujalirekebisha, kwa hiyo nimewaandikia hivi: “Projekta inayoundwa na prizimu moja, fremu ya alumini na springi inayoibana ambayo imewekwa upande wa lenzi na ambayo inazuia isisogee joto linapopanda.” Sasa kila mmoja ana maana yake. Je, kosa ni la Kiswahili changu? Na kati ya “inayoundwa na” na “inayojumuisha”, lipi ni sahihi? – Msomaji, Kisumu.

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako hawabishani bure. Sentensi yako haina kosa la sarufi ambalo mwalimu angelipigia mstari mwekundu, lakini ina maana nyingi kuliko dai linavyoruhusiwa kuwa nazo. Katika ombi la namna hii, maelezo na michoro hueleza kifaa, ilhali dai ndilo linaloweka mpaka wa haki inayoombwa, na ndilo mchunguzi (huyo unayemwita mtahini) analolisoma neno kwa neno akililinganisha na vitu vilivyokwisha kujulikana. Sentensi inayosomeka kwa njia mbili huweka mipaka miwili, na mchunguzi hana ruhusa ya kukuchagulia mmoja.

Tuanze na neno “inayoibana”, kwa sababu ndiko kwenye shida kubwa. Kiambishi cha kwanza, i-, ni cha mtenda. -Yo- ni kirejeshi. I- ya pili ni ya mtendwa. Vyote vitatu ni vya ngeli ya I-ZI katika umoja. Prizimu ni ya ngeli hiyo, springi vilevile, na fremu, lenzi na projekta pia. Kwa hiyo msomaji akifika kwenye “springi inayoibana” anajua tu kwamba kitu fulani cha I-ZI kinabanwa na springi. Je, ni prizimu au ni fremu? Akiendelea hadi “ambayo imewekwa upande wa lenzi”, kirejeshi kinaweza kurudi kwa springi, kwa fremu au hata kwa prizimu, na “isisogee” ya mwisho inaelea kabisa bila mwenyewe. Mafundi waliokiunda kifaa wanaijaza nafasi hiyo kwa macho, kwa kuwa wanakijua. Mchunguzi aliyeko Nairobi hajawahi kukiona na ana karatasi tu.

Hili ni tatizo la kiufundi linalotokana na jinsi Kiswahili kinavyopokea maneno. Majina mengi ya vifaa tuliyoyakopa tumeyatia katika I-ZI: balbu, feni, skrubu, lenzi, betri. Katika mazungumzo hatuhisi uzito wake, ila katika sentensi moja yenye vifaa sita, upatanisho wa ngeli, ambao kwa kawaida ndio nguvu kubwa ya lugha yetu, hunyamaza kwa sababu kila kitu kinavaa sare moja.

Tiba ni kutawanya majina katika ngeli mbalimbali, na wala haihitaji maneno ya kubuni. Fremu inayobeba prizimu iite kitako, neno ambalo fundi yeyote wa soko la Kibuye hapo Kisumu atalielewa, na papo hapo utakuwa umepata ki-. Springi yenu, kama nimeelewa, ni kipande chembamba cha chuma kilicholala bapa, hivyo iite bapa la chuma, nawe umepata li-. Vile vidonge vidogo vya alumini ambavyo prizimu inaegemea (umevitaja katika barua yako ndefu lakini hukuviingiza katika dai, nami nitalirudia jambo hilo) viite vinundu, nawe umepata vi-. Sasa prizimu peke yake imebaki na i- kati ya sehemu zinazogusana. Ukiandika “bapa linaloibana”, hakuna mtu duniani mwenye kukijua Kiswahili atakayeuliza kipi kinakibana kingine.

Pale ambapo majina mawili ya ngeli moja hayaepukiki, rudia jina lenyewe pamoja na kionyeshi cha rejea: prizimu hiyo, kitako hicho, vinundu hivyo. Walimu wa insha wametuzoesha kuogopa marudio, na katika insha wana haki, lakini dai si insha. Kionyeshi cha -o hufanya kazi nzuri hapa kwa sababu hurejelea kitu kilichokwisha kutajwa, tofauti na “hii” inayoashiria kilicho karibu na “ile” inayoashiria kilicho mbali. Andika “prizimu” bila kionyeshi unapoitaja mara ya kwanza, kisha “prizimu hiyo” kila mara baadaye. Ukitanguliza “prizimu hiyo” kabla ya kuitaja prizimu yoyote, mchunguzi atauliza ni ipi, na atakuwa na haki.

Ondoa “moja”. Kiswahili hakina kibainishi cha umoja mbele ya nomino, na anayefikiria kwa Kiingereza hushawishika kukijaza kwa “moja”. Lakini kwetu “prizimu moja” ni hesabu: si mbili. Mshindani akitia mbili, utakuwa umempa mlango wa kutokea wewe mwenyewe.

Sasa swali lako la pili. “Kuundwa na” na “kujumuisha” si visawe, ingawa magazeti huvitumia kama visawe. Tukisema timu ya kandanda inaundwa na wachezaji kumi na mmoja, tumewamaliza. Hakuna wa kumi na mbili. Tukisema timu hiyo inajumuisha wachezaji wawili kutoka Kakamega, hatujasema lolote kuhusu wale tisa. Basi “projekta inayoundwa na prizimu, fremu na springi” inaelekea kumaanisha kwamba vitu hivyo vitatu ndivyo vyote, jambo ambalo kwanza si kweli, maana projekta isiyo na balbu haitaonyesha kitu, na pili linamwezesha mtu kunakili kazi yenu yote, akaongeza feni, kisha akadai kwamba chake ni kifaa kingine. “Inayojumuisha” huacha orodha wazi. Mimi ningependelea “yenye” au “iliyo na”, kwa sababu ni fupi na kwa sababu “kujumuisha” lina jirani msumbufu, “kujumlisha”, ambalo ni la kutafuta jumla ya hesabu na ambalo huponyoka kalamuni mara nyingi kuliko tunavyokiri. Ikiwa siku moja utataka kufunga orodha kwa makusudi, sema wazi: “inayoundwa na … pekee”.

“Inazuia isisogee” usiiguse kwa sababu ya kanushi. Kuna wanaodhani kwamba kuzuia na kukanusha pamoja ni kukanusha mara mbili. Sivyo, “alimzuia asiingie” ni Kiswahili safi. Shida yake ni ya maana, na hapa lugha na fizikia zinakutana. Alumini hutanuka takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi, ilhali kioo cha kawaida cha lenzi hutanuka takriban sehemu 7. Chukua prizimu yenye upana wa milimita 30 na kitako cha alumini cha upana huohuo, uvipashe digrii 40 juu ya joto la chumba. Kioo kitaongezeka kwa karibu milimita 0.008, na alumini kwa karibu milimita 0.028. Tofauti ya milimita 0.02 inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba katika projekta nyingi zinazotumia vioo vidogo vya kuakisi mwanga vinavyoongozwa kidijitali, teknolojia aliyoivumbua Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987, kila kimojawapo cha vioo hivyo kina upana wa chini ya milimita 0.014. Prizimu iliyogandishwa kwa gundi ngumu pande zote huvutwa na alumini, kioo kikapata mkazo, na mwanga unaopita ndani yake ukavurugika. Ndiyo maana mmeiacha itanuke huku na huku.

Kwa hiyo kusema kwamba prizimu “haisogei” ni kusema jambo ambalo kifaa chenu hakifanyi. Uso mmoja wa prizimu haubanduki kwenye vinundu. Uso wa pili husogea, na bapa hunyumbuka kuufuata. Kitenzi mnachokihitaji ni kuegemea, nacho kinahitaji hali ya kuendelea: prizimu “ibaki ikiegemea” vinundu. Epuka pia “vizuri”, “imara” na “barabara”. Katika dai maneno hayo hayapimiki, na mchunguzi huyatilia alama bila huruma.

“Upande wa lenzi” nao una maana mbili: upande ambao ni sehemu ya lenzi, na upande wa kitu kingine unaoelekea kwenye lenzi. Andika “upande unaoielekea lenzi”.

Nikizingatia barua yako yote, ningeliandika dai hivi: “Projekta yenye chanzo cha mwanga, lenzi, prizimu inayopitisha mwanga kutoka kwenye chanzo hicho kuelekea lenzi hiyo, kitako kinachoibeba prizimu hiyo, ambacho kina vinundu vitatu vinavyougusa uso wa kwanza wa prizimu hiyo, na bapa la chuma lililofungwa kwenye kitako hicho katika upande unaoielekea lenzi hiyo, linalousukuma uso wa pili wa prizimu hiyo ili prizimu hiyo ibaki ikiegemea vinundu hivyo inapotanuka kwa joto.” Ni sentensi moja, kama ilivyo desturi ya madai, na koma ndizo zinazoibeba. Isome kwa sauti mbele ya wenzako, umpe mmoja wao kalamu achore anachokisikia. Mchoro ukifanana na kifaa, dai limekaa sawa.

Maneno mengine niyapitie haraka. Mlichokiomba si hakimiliki. Hakimiliki ni ya maandishi, muziki, picha na kazi za aina hiyo. Haki ya uvumbuzi ni hataza, ambayo nchini Kenya hutolewa na Taasisi ya Mali ya Viwanda chini ya sheria ya mwaka 2001 na hudumu miaka 20 tangu tarehe ya kuwasilisha ombi. “Sanaa ya awali” ni Kiingereza kilichovikwa kanzu, kwani msomaji wetu akisikia sanaa hufikiria uchongaji na ngoma. Sema “maarifa yaliyotangulia”, yaani kila kilichokwisha kufichuliwa kwa umma popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo, kwa matumizi au kwa maonyesho. Kuhusu “mtahini”, neno ni sahihi kisarufi, lakini nchini linamkumbusha kila mtu masahihisho ya mitihani ya kidato cha nne, na anayesoma hataza hampi mtu alama, nashauri “mchunguzi”. Isitoshe, kosa la herufi moja tu hugeuza mtahini kuwa mtahiri, na ukiwa Bungoma mwezi wa Agosti katika mwaka wa shufwa, msimu wa tohara, wasomaji watakuelewa vingine kabisa. Prizimu wengine huiita mche. Ni neno zuri la hisabati, lakini kwa kikundi chenye wakulima ndani yake, mche bado ni wa kupandwa. Bakieni na prizimu.

Limebaki lile la springi ambayo tayari imo katika maarifa yaliyotangulia. Hilo halitibiwi kwa sarufi. Ikiwa waraka alioutaja mchunguzi unaonyesha springi inayobana prizimu na hakuna zaidi, basi upya wa kazi yenu, kama upo, uko katika vinundu vitatu na jinsi bapa linavyovielekea, na hivyo ndivyo vilivyokosekana katika dai lenu. Mtalazimika pia kuonyesha kwamba fundi wa kawaida wa projekta asingeufikia mpangilio huo kwa urahisi, jambo ambalo mtalieleza katika barua ya majibu wala si ndani ya dai. Kabla hamjayarudisha maneno haya katika Kiingereza, fungueni maelezo na michoro mliyoiwasilisha mwanzoni mhakikishe kwamba vinundu hivyo vimo humo, kwa kuwa marekebisho hayaruhusiwi kuvuka yale yaliyofichuliwa katika ombi la awali. Kama vimo, vipeni jina moja tu kuanzia muhtasari hadi dai la mwisho. Kitako kisigeuke fremu katika ukurasa wa tatu, wala bapa lisirudi kuwa springi.