Feni ya bafuni itoe hewa ukutani au ndani ya dari?
Toboa ukuta ndugu yangu, usiachie ule mvuke ndani ya dari, utakuja kushangaa mbao zimeoza na ukungu unashuka wenyewe. Ukuta wa nje ndo njia fupi kabisa na paipu ikiwa fupi na imenyooka feni inavuta vizuri, kona kona zinaiua nguvu.

Kwanza zima umeme kwenye meni swichi, halafu anza na tundu dogo la drili toka ndani hadi litokee nje ili uhakikishe haujagonga waya wala bomba la maji, ndo utoboe lile kubwa la inchi 4 (au kipimo cha feni yako, pima paipu usikadirie). Sasa hapa ndo wengi wanakosea: paipu iinamishe kidogo kuelekea nje. Mimi yangu niliiweka levo kabisa nikajiona fundi, baridi ilipoingia mvuke ukawa unageuka maji mle ndani yanarudi tone tone kwenye feni, nikafungua nikakuta mota imeshika kutu.

Nje weka kifuniko chenye kipepeo kinachojifunga feni ikizimwa, ziba pembeni na silikoni ila chini acha kaupenyo maji yatoke. Na mlango wa bafu uwe na nafasi kama sentimita 2 chini, feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna inayoingia. Waya mwachie fundi umeme.