Umeme wa gari: betri inalaumiwa bure

SUALI: Assalamu alaykum. Naendesha gari ya abiria njia ya Chake Chake na Konde. Usiku nikisimama kituoni taa hufifia na muziki hukatakata, nikipiga resi kidogo kila kitu kinarudi sawa. Nimeshanunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na sasa naambiwa ninunue kubwa zaidi. Itanisaidia?
Dereva, Konde

JAWABU: Waalaykum salaam. Usinunue kwanza. Kazi kubwa ya betri ni kuzungusha stata. Injini ikishawaka, taa, redio, feni na hata koili za plagi zinalishwa na altaneta (jenereta ndogo ya gari), na betri nayo inakuwa miongoni mwa wanaolishwa. Altaneta inazungushwa kwa mkanda unaotoka kwenye puli ya krenki, yaani shafti kuu ya injini. Puli ya altaneta ni ndogo, kwa hiyo krenki ikizunguka mara moja, altaneta huzunguka mara mbili na nusu hivi. Ndani yake sumaku ya umeme inazunguka katikati ya koili za shaba. Umeme unaozaliwa hapo unabadilika mwelekeo kila mara, diodi zinaunyoosha uende upande mmoja, na rigyuleta inashikilia volti zisipande wala kushuka kupita kiasi.

Sasa tazama hesabu ya gari lako likiwa kituoni. Taa za mbele na za nyuma pamoja ni kama wati 140, yaani ampea 10 kwa volti 14. Feni ya kiyoyozi ikiwa juu kabisa hula 15, feni ya rejeta 12, pampu ya petroli na mfumo wa kuwasha injini 10. Amplifaya ikila wati 300, hizo ni ampea 21 nyengine. Jumla 68. Altaneta iliyoandikwa ampea 70 hutoa 70 hizo ikiwa inazunguka kasi, mara 6000 kwa dakika. Injini ikiwa imetulia kwenye mizunguko 750 kwa dakika, altaneta inazunguka chini ya mara 2000 na hutoa 30 au 40 tu, na ikishapata moto hupungua zaidi. Pengo la ampea 30 linazibwa na betri. Nusu saa ya namna hiyo inakomba ampea-saa 15, yaani thuluthi ya betri ya ampea-saa 45. Betri inayokombwa hivyo kila usiku bila kujazwa sawasawa haikai, hata ukinunua ya bei gani. Na hiyo kubwa itachelewesha tatizo tu, kwa sababu inategemea altaneta ile ile kuijaza.

Tafuta mita, iweke kwenye volti za betri, upime hivi. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri iliyojaa husoma 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Washa injini, zima vyengine vyote: iwe baina ya 13.8 na 14.5. (Baadhi ya magari ya karibuni chaji yake inaongozwa na kompyuta, hiyo namba hupanda na kushuka.) Kisha washa taa, kiyoyozi na muziki, mtu apige resi mpaka mizunguko 2000. Volti zikirudi juu ya 13.5, altaneta yako ni nzima, imezidiwa na mzigo tu: punguza muziki ukiwa umesimama, au tafuta altaneta ya ampea nyingi zaidi inayoingia kwenye injini hiyo.

Zikibaki chini ya 13 hata kwa resi, kuna kitu kibovu. Mkanda ukilia wakati wa kuwasha taa, umelegea au umekuwa mgumu. Kaboni (zinazopeleka umeme kwenye sumaku inayozunguka) zikiisha, chaji huja na kupotea, khasa gari ikipita kwenye mashimo. Diodi ikifa, altaneta huunguruma na kupoteza nguvu. Diodi ikiwa inavuja umeme, betri hushuka usiku gari ikiwa imezimwa.

Lakini kwa hewa yetu ya chumvi, kabla ya kufungua altaneta anza na waya wa ethi, unaounganisha temino hasi ya betri na chesisi na injini. Injini ikiwa inawaka na mizigo yote imewashwa, pima kutoka bodi ya altaneta mpaka temino hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, kuna mahala umeme unakwama. Zima injini, chomoa kwanza temino hasi, kisha fungua boliti inayobana ethi kwenye chesisi na ile ya kwenye injini. Kichwa cha boliti kinaweza kung'ara, na chini yake ukakuta unga wa kijani umekula shaba. Piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, kaza, ndipo upake grisi juu. Kazi hii haigharimu kitu, na inasikitisha kuona watu wanauziwa altaneta kwa kosa la boliti moja.

SUALI: Kuwasha kiyoyozi na redio kunaongeza ulaji wa petroli, au umeme wa gari ni wa bure?
Msomaji, Bububu

JAWABU: Si wa bure. Ampea 40 kwa volti 14 ni wati 560, na kwa kuwa altaneta hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa, injini inatoa kama kilowati moja. Redio ya kawaida na kuchaji simu hutaviona kwenye petroli. Kiyoyozi ni habari nyengine: kompresa yake haiendeshwi na umeme katika magari mengi, inavutwa na mkanda moja kwa moja, na hula kilowati mbili au zaidi. Umeme unahusika kuibana klachi yake na kuzungusha feni.

SUALI: Fundi alichomoa temino ya betri injini ikiwaka, ili kuona kama altaneta inachaji. Ni sawa?
Msomaji, Makunduchi

JAWABU: Asirudie, na wewe usimruhusu. Betri ikiondoka ghafla, altaneta iliyokuwa ikiijaza hurusha volti zinazoweza kupita 40 kabla rigyuleta haijawahi kuzishusha. Zinaunguza diodi, redio, na kompyuta ya injini ambayo bei yake inapita altaneta kwa mbali. Mita ya bei rahisi inatoa jibu lile lile kwa dakika moja, bila kushika spana. Ikiwa tangu siku hiyo taa ya betri kwenye dashibodi inawaka kwa mbali, weka mita upande wa umeme wa AC (unaobadilika mwelekeo), injini ikiwa inawaka, na upime kwenye betri: ikizidi volti 0.5, diodi imeshaungua.