Daktari wa Mifugo Anajibu: Mbwa kwa mtoto mwenye usonji

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Tanga. Wa katikati ni wa kiume, ana miaka 7, na ana usonji. Maneno anayo machache, usingizi wake ni wa shida, na akikuta geti liko wazi anatoka mbio bila kuangalia nyuma. Jirani yangu aliyewahi kuishi Ulaya ananiambia nimtafutie mbwa, eti watoto wa namna hii hutulia. Mume wangu amekubali shingo upande. Mama mkwe hataki hata kusikia: mbwa ni najisi, na sisi ni watu wa swala tano. Lakini mtoto mwenyewe akiona mbwa kwenye TV anacheka na kwenda kugusa kioo. Nifanyeje? Na nikichukua, nichukue mbwa gani?
*Mama wa Watatu, Tanga*

JIBU: Marahaba, mama. Nyumbani kwetu Moshi tunaishi na mtoto wa dada yangu, ana usonji, na tunaye mbwa wa kienyeji anayeitwa Tunda. Kwa hiyo nakujibu kama daktari wa mifugo na kama mama mdogo pia.

Jirani yako amesema kweli, ila hakuimaliza. Mbwa hatibu usonji. Mtu akikuuzia mbwa kwa ahadi hiyo, mwache aondoke na mbwa wake. Anachoweza mbwa ni kumpunguzia mtoto wasiwasi na, jambo ambalo watu hawalitaji, kumpunguzia mzigo yule anayemlea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha matokeo ya kufuatilia familia zenye watoto wa usonji ambazo zilichukua mbwa wa kawaida wa nyumbani, wakazilinganisha na zile ambazo hazikuchukua. Msongo wa wazazi waliopata mbwa ulishuka kuliko wa wenzao.

Miaka mitano kabla ya hapo, Montreal nchini Kanada, watafiti walipima kotisoli, ile homoni ya msongo, kwenye mate ya watoto 42 wenye usonji. Homoni hiyo kwa kawaida hupanda mtu akiamka. Kabla ya mbwa ilikuwa ikipanda kwa asilimia 58. Mbwa alipoingia nyumbani ikawa asilimia 10, na alipoondolewa kwa muda ikarudi hadi 48. Hao walikuwa mbwa waliofundishwa kuwasaidia watoto wenye usonji, lakini namba ya mwisho ndiyo ninayotaka uishike. Ukimpa mtoto mbwa, halafu ukamwondoa baada ya mwezi kwa sababu nyumba imegombana, utakuwa umemrudisha nyuma. Ndiyo maana mazungumzo na mama mkwe yatangulie, mbwa afuate.

Mimi si mwanazuoni na sitoi fatwa. Ninachojua ni kwamba nimechanja mbwa kwenye nyumba nyingi za Waislamu wenye mashamba na ng'ombe, na wanaishi nao kwa utaratibu unaoeleweka. Kwa madhehebu ya Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi huko pwani, mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wanamhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara, yaani si najisi. Kufuga mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba kumeruhusiwa katika hadithi za Mtume. Kama haja ya mwanao inaingia kwenye ruhusa hiyo, hilo ni la sheikh wenu. Nenda na mama mkwe akalisikie jibu mwenyewe, asiletewe na mkwe. Mkiruhusiwa, yanayobaki ni mpangilio: banda nje, chombo chake peke yake, nguo za kuchezea na mbwa ziwe mbali na za swala, mtoto amshike mbwa akiwa mkavu, na bomba la kunawia liwe karibu na mlango.

Mkikataliwa, usiumie moyo. Paka mpole anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii. Hata simbilisi, hawa wanaofugwa na watoto kwenye viboksi: mwaka 2013 watafiti wa Australia walionyesha kwamba watoto wenye usonji wakiwa na simbilisi darasani walizungumza na wenzao na kuwatazama usoni zaidi kuliko walipopewa midoli.

Sasa nikuambie faida yenyewe inaonekanaje, maana haionekani kama kwenye filamu. Mpwa wangu akirudi shule siku ya makelele hazungumzi na mtu. Anakaa kwenye ngazi ya jikoni. Tunda anakuja kulala miguuni pake, naye anaishika ncha ya sikio la kushoto, lile lililochanika zamani, anaisugua katikati ya vidole viwili polepole. Zamani alikuwa akisugua pindo la shati mpaka linatoboka. Tunda anafumba macho. Baada ya muda mtoto anaomba chai, na hapo tunajua amerudi kwetu.

Kumkata kucha ilikuwa kazi ya watu wawili na kilio juu. Siku hizi nakata za Tunda kwanza. Mtoto anaushika mguu wa mbwa na kuhesabu kucha kwa sauti, na zikiisha ananyoosha vidole vyake. Si kila mara. Asiponyoosha, tunaacha mpaka kesho.

Halafu kuna watoto wa mtaani. Huko Ulaya, mtu akitembea na mbwa wapita njia husimama kuongea naye. Kwetu watu huvuka barabara, na watoto huokota mawe. Lakini watoto wetu walikuja kusimama kwenye uzio, wakauliza swali ambalo kila mtoto wa Tanzania huuliza: "Anang'ata?" Mpwa wangu, ambaye hakuwa akimjibu mtu wa nje hata salamu, akajibu: "Hang'ati." Kesho yake wakaja tena, wakauliza tena, akajibu tena. Swali lilelile na jibu lilelile kila jioni, na kwa mtoto anayechoshwa na mazungumzo yasiyotabirika, hakuna mlango mzuri kuliko huo. Sasa wanamwita kwa jina lake.

Kuhusu geti: hilo ni la komeo, si la mbwa. Tangu miaka ya 1990 shirika la National Service Dogs la Kanada linafundisha mbwa wa watoto wenye usonji. Mtoto huvaa mkanda uliounganishwa na mbwa, na mzazi ndiye anayeshika kamba. Mbwa huyo amelelewa na kufundishwa tangu mdogo kwa ajili ya kazi hiyo. Nakusihi usimfunge mwanao kwa mbwa wa kawaida, kwa sababu mbwa akimwona paka atamburuta mtoto hadi barabarani. Weka komeo juu asikofika, kengele kwenye mlango, na bangili yenye namba yako ya simu mkononi mwake. Ninyi mko karibu na bahari, na watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji. Komeo lipigwe wiki hii, mbwa awepo asiwepo.

Mbwa gani? Usichukue mtoto wa mbwa. Najua wanavyopendeza, lakini meno yao yanachoma, wanaruka, wanakojoa kila mahali, na wanalia usiku kwenye nyumba ambayo tayari hailali. Tafuta mbwa mzima wa miaka 2 hadi 5, ambaye tabia yake inajulikana, aliyekua na watoto, aliyehasiwa au kufungwa kizazi. Usichukue aliyeishi maisha yake yote kwenye mnyororo. Wazazi wananiuliza sana Labrador kwa sababu ya picha walizoziona. Mimi kwa joto la Tanga na kupe wake ningechukua mbwa wa kienyeji mtulivu bila kujiuliza mara mbili.

Nenda ukamwone, tena zaidi ya mara moja, na mtoto awe mbali kidogo. Angusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Mbwa akishtuka kisha akaja kunusa, huyo anafaa. Akijificha asitoke, au akibweka mfululizo, mwache. Msikilizishe mtoto mbweko wake pia. Kwa baadhi ya watoto wenye usonji sauti hiyo inaumiza masikio kabisa, na upendo wa kwenye TV hauna mbweko wa saa nane usiku.

Achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka na apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, maana minyoo ya mbwa huingia kwa watoto wanaotia vidole mdomoni. Mfupa wa kuku uliopikwa asipewe.

La mwisho ni kwa mumeo. Shingo upande haitoshi. Nani ataamka kumfungulia mbwa alfajiri, nani atampikia dagaa na ugali, nani atakuwepo kila dakika mtoto na mbwa wakiwa pamoja? Kama majibu yote ni wewe, mama, subiri kwanza. Mtoto apewe kazi moja tu ya saa ileile kila siku. Wetu anaweka bakuli saa kumi na mbili jioni, na jioni ambayo sisi wakubwa tumesahau, yeye hasahau.

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 9 na ana usonji. Mbwa wetu anampenda kupita kiasi, anamkumbatia shingoni na kumlalia. Juzi mbwa alimngurumia. Shemeji anasema tumchape ili ajue mkubwa ni nani. Ni sawa?
*Baba, Dodoma*

JIBU: Hapana, baba, msimchape. Mbwa anayenguruma anaomba nafasi, tena kwa adabu. Mkimfundisha kwamba kunguruma kunaleta fimbo, siku nyingine atauma bila kuonya. Kabla ya kunguruma alishasema mara nyingi: alilamba midomo, alipiga miayo, aligeuza uso, weupe wa jicho ukaonekana. Jifunzeni kuziona dalili hizo, na mkiziona mwondoeni mtoto, si mbwa.

Binti yako anapenda kubanwa, na watoto wengi wenye usonji wako hivyo. Mpe kitu cha kumbana ambacho hakichoki: blanketi zito, au mto mliojaza mchele. Kwa mbwa, mchoreeni picha mbili mzibandike ukutani, mkono juu ya mgongo ina alama ya ndiyo, mikono shingoni ina alama ya hapana. Atafuata picha kuliko maneno yenu. Mbwa naye awe na kona yake ambayo binti haingii, na asiguswe akila au akilala.

Akimparura au kumuuma hata kidogo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana cheti cha chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna dawa ya kumrudisha mtu.

Na mbwa aliyekuwa mvumilivu akabadilika ghafla, mara nyingi anaumwa mahali. Wiki hii mpeleke kwa daktari wa mifugo wa wilaya akamkague masikio, meno na nyonga, na mpaka majibu yatoke, binti akae naye mkiwa mmeketi katikati yao.