Mfuko wa taka na tumbo la mnyama: maswali yenu

Swali: Ng'ombe akimeza mfuko wa plastiki si utatoka tu na mavi?

Hapana, hapa ndo wengi wanakosea. Ng'ombe hachambui, anazoa na ulimi anameza, kutafuna vizuri ni baadaye akicheua, sasa plastiki ikishafika tumbo la kwanza haisagiki wala haipenyi kwenda mbele, inakaa humo humo, kesho anameza mwingine, inasokotana na kamba na nyasi mpaka inakuwa bonge gumu. Unamuona ana tumbo kubwa unasema kashiba, kumbe mbavu zote nje, maziwa yamekata, na mwenye ng'ombe anahangaika na dawa za minyoo wee hamna kitu. Dawa ya kuyeyusha plastiki tumboni haipo, ni daktari wa mifugo apasue aitoe kwa mkono. Inaniuma manake mnyama anakufa njaa huku tumbo limejaa.

Swali: Mimi mabaki ya chakula nayafunga vizuri kabisa na fundo, bado nakosea?

Fundo lenyewe ndo shida. Mbuzi hana vidole vya kufungua, anachosikia ni harufu ya chumvi na mafuta, basi anakula chakula na mfuko wake. Chakula weka peke yake, mfuko suuza harufu iishe, alafu pipa liwe na mfuniko. Ukifanya hilo tu umeokoa wengi.

Swali: Mkate umeota ukungu, si bora nimpe mbwa?

Usimpe jamani! Kuna ukungu una sumu inayomfanya atetemeke mpaka degedege. Vitunguu, zabibu na chokoleti pia ni sumu kwake, na mifupa iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha vinatoboa utumbo.

Swali: Naishi mbali na bahari, samaki wananihusu nini?

Mvua inasomba mfuko wako mtaroni, mtaro unaenda mtoni, mto unaenda baharini, na huko kasa anaudhani ni yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini anayemla, anameza. Machi 2019 kule Ufilipino nyangumi mmoja alikufa, akakutwa na kilo 40 za plastiki tumboni, ikiwemo mifuko ya kawaida tu ya kubebea vitu.

Swali: Na ile mifuko imeandikwa inaoza?

Mingi inataka joto la mtambo maalumu ndo ioze. Tumboni kwa mbuzi hakuna mtambo, kwa hiyo nayo usiitupe ovyo.